Fremu ya Jenerali

Siku ile sebuleni tulikuwa mimi, wadogo zangu wawili, na mzee jirani wa ghorofa ya chini, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Mpaka leo harufu ya siki hunirudisha pale, maana ndiyo mzee aliyofutia kioo cha fremu.

Watu wa matanga ya mama walikuwa njiani kuja kwetu, mtaa wa Temple Hills, na picha yake haikuwa na fremu. Mzee alileta yake. Ndani mlikuwa na jenerali wa vile vita vya kukomesha utumwa hapa Marekani, picha aliyoitia sahihi mwenyewe kumpa babu wa babu yake mzee, aliyemtunzia jenerali huyo farasi wake.

"Huyu mwenye ndevu ni ndugu yako, Babu?" kitindamimba wetu aliuliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Lakini amesimama ukutani muda mrefu. Leo apumzike, mama yenu akae."

Akamtoa taratibu, akamfunga kwa gazeti. Mama akaenea.

Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu. Fremu nyingine nilishanunua ili nimrudishie mzee yake, ila sijaweza kumtoa mama. Kila Jumapili nikimpelekea mzee uji, naona pale ukutani kwake, alipokuwa jenerali, pamebaki peupe. Yeye hunywa uji wake, wala haulizi habari za fremu.