Nilivyoipeleka Posa Yangu kwa Gari Linalochemka

Jamani, najua kuna watu walioanguka mbele ya halaiki, kuna waliochanikiwa na suruali kwenye khitma, na wote nawapa pole, lakini niacheni na yangu, maana yangu ilinikuta mlangoni kwa wakwe kabla hawajawa wakwe, mchana kweupe, na hadi leo nikipita Takaungu hakosi mtu wa kuniuliza kama gari limepoa.

Chanzo ni hilo gari. Nililinunua kwa mkulima mmoja wa tikitimaji kule Magarini, fowili kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa bei ya kutupa (na kweli alikuwa analitupa, ni mimi tu sikuelewa). Kazi yangu ni kutengeneza fremu za madirisha hapa Malindi, ufundi wa magari sina hata chembe, ila nilikuwa nimetazama video mtandaoni mpaka nikajiona daktari wa injini. Maji ya rejeta yalikuwa yakipungua kila siku na chini hakuna hata tone, nikasema ni hari ya Malindi, hata binadamu huku hunywa maji zaidi. Ekzosi ikawa inatoa moshi mweupe kila asubuhi, nikasema ni umande. Nikafungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama chai ya maziwa iliyolala, nikaufuta kwa kidole nikajiambia ni vumbi la chokaa. Kisha nikanunua kifuniko kipya cha rejeta, nikakifunga kwa mkono wangu, nikalipiga boneti kofi la mahaba na kutangaza kwamba mgonjwa amepona.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda Maryamu wa Takaungu. Tulionana kwenye harusi ya binamu yangu, tukawa tunasemezana kwenye simu kwa heshima zake, hadi siku aliponiambia nitume wazee. Sasa kwetu mwenye posa hajipeleki. Wanakwenda wazee, wewe unabaki nyumbani unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Ami Shee, kakake marehemu baba, alikuwa ameshaazima gari zuri la jirani. Mimi nikasema hapana, mtakwenda na langu. Nilitaka babake Maryamu, Maalim Abubakari, achungulie dirishani aone wazee wangu wakishuka kwenye fowili. Na kwa kuwa gari lile haliwaki mpaka ulibembeleze, hapakuwa na wa kuliendesha ila mimi.

"Mwenye posa hajiposei," Ami Shee akasema. "Wataka watu watucheke?"

"Ami, kule hawanijui kwa sura. Nitawashusha, kisha nikae garini kule msikitini. Atakayeniona atasema ni dereva."

Ami akaguna. Mjomba Kassim, kakake mama, ambaye hajawahi kukataa safari yenye chakula mwisho wake, akasema, "Basi twendeni, sinia halingoji mtu."

Tukatoka baada ya adhuhuri, wazee wamevaa kanzu na makoti juu, wamejifukiza udi hadi mtu unapiga chafya. Mpaka Gede gari lilikwenda taratibu, halina neno. Tulipofika Matsangoni mshale wa joto ukaanza kupanda, nami nikaikumbuka video moja iliyosema injini ikichemka washa hita ya ndani mpaka mwisho, itaivuta hari kutoka kwenye injini. (Video haikusema hari hiyo inakwenda wapi. Inakwenda kwa wazee.) Na madirisha ya nyuma, nisiwafiche, yalikuwa hayashuki.

"Mwanangu," Mjomba Kassim akaita kutoka nyuma, "hii eisii yako ya kupoza mbona yavuma moto?"

"Yajisafisha, Mjomba. Itapoa sasa hivi."

"Naona yatusafisha sisi," Ami Shee akasema, akajipangusa shingo.

Pale Kilifi palikuwa na kivuli, palikuwa na mafundi, palikuwa na kila kitu cha kumwokoa mtu mwenye akili. Lakini wenyeji walikuwa wameahidiwa tutafika kabla ya alasiri, nami nilikuwa nimeshasema gari limepona, na mtu akishasema neno mbele ya ami yake ni shida kulirudisha. Nikavuka daraja, mshale umelala kwenye nyekundu, wazee wakihema kwa joto.

Vichochoro vya Takaungu ni vyembamba. Nilipanga kuwashusha mlangoni kisha niteleze polepole mpaka msikitini, lakini gari likakohoa, likatoa wingu jeupe kama tunafukiza mbu, likazima palepale mbele ya mlango wa Maalim, karibu mno hivi kwamba Ami Shee alipofungua mlango wa gari ukaligonga baraza la watu. Wazee wakashuka, kanzu zimewaganda mgongoni, udi umekwisha wote, wakapokewa kwa salamu nyingi na macho ya kustaajabu, wakaingia. Mimi nikabaki nimeinama kwenye usukani, nikijifanya dereva.

Haikupita muda akatoka mama mmoja wa makamo, amejitanda leso, ana ndoo ya maji mkononi. Alikuwa Bi Zuhura, dadake Maalim, shangazi wa Maryamu.

"We dereva! Gari laungua na wewe umekaa ndani?"

"Shikamoo, bibi. Ni kitu kidogo tu."

"Marahaba. Kidogo na moshi umeingia mpaka kwenye pilau?"

Nikafungua boneti, nikafunika kile kifuniko changu kipya kwa kitambaa na kukizungusha, jambo ambalo kila video ilikuwa imenikataza. Maji ya kutu yakaruka juu. Alhamdulillahi sikuungua, niliruka kando kwa wakati, lakini shati langu likawa rangi ya chai, na ukuta wa Maalim, ambao bila shaka ulipakwa chokaa kwa ajili ya wageni, ukapata ramani ya kahawia kutoka dirishani hadi chini. Bi Zuhura aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, akanipa ndoo.

Nikawa namimina maji, naye haondoki. Nyinyi mnajua posa ikifika watu huuliza, na nani anayejua siri za mtu kuliko dereva wake?

"Wewe wamjua huyo mwenye posa?"

"Namjua sana, bibi."

"Yuwaje? Yuwasali?"

"Sala ya jamaa haimkosi."

"Ana hasira?"

"Huyo? Hata paka akimwibia samaki, yeye ndiye humwomba paka radhi." (Ndugu zangu, nilijisifu mpaka nikaanza kujipenda upya.)

Bi Zuhura akaridhika, akatikisa kichwa, kisha akalikodolea gari macho. "Na wewe ndiwe uloliharibu gari la watu hivi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningenyamaza. Ningesema ndiyo. Lakini kuitwa mharibifu uso kwa uso kuliniuma, nikasahau mimi ni nani, nikafoka, "Si mimi, bibi, ni huyohuyo mwenye posa, gari ni lake! Maji yapotea na hayavuji, moshi mweupe, oili imekuwa maziwa, hata kipofu angejua gasketi ya injini imekufa, maji na oili vyachanganyika ndani. Lakini yule ni mkaidi. Akipenda kitu haoni ila wala kasoro yake. Ananunua kifuniko!"

Nikasimama na ndoo mkononi, nimeduwaa. Ilikuwa mara ya kwanza nautambua ugonjwa wa gari lile, na nilikuwa nimeutambua kwa kumsengenya mwenyewe. Huku nyuma Bi Zuhura alikuwa ameshaingia ndani.

Punde Maalim Abubakari akatokea mlangoni, mzee mrefu wa kofia nyeupe, na nyuma yake Ami Shee na Mjomba Kassim.

"Kijana," Maalim akasema kwa upole ulionitia baridi, "hayo ulomwambia dadangu, hebu yarudie mbele ya wazee hawa. Mimi naombwa binti, na nimesikia mwombaji ni mkaidi na hatunzi chake. Mtu wa namna hiyo simpi mwanangu."

Nikamtazama Ami Shee. Ami Shee akatazama chini. Nilimwona Maryamu akiniponyoka, hivihivi, mbele ya boneti wazi.

"Maalim," Ami Shee akasema mwishowe, "dereva hatuna. Huyu ndiye mwenyewe."

Mjomba Kassim akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Maalim akanipima kutoka kichwani, kwenye maji ya kutu, hadi miguuni.

"Zile sifa pia ulizisema wewe?"

"Ndiyo, Maalim."

"Hizo nimezitupa. Na hizi ila nazichukua zote, maana mtu hajisingizii." Akageuka, akawaambia wazee wangu jibu watapelekewa.

Tulirudi Malindi kwa gari la kukodi, na gari langu likabaki limeziba mlango wa watu hadi nilipopata trekta la kulivuta. Kila aliyepita akiuliza la nani, watoto walikuwa wakijibu kwa pamoja: la mposaji! Sikuwa nikilala, wala sikuwa nikila, na kwa mara ya kwanza sikutazama video yoyote.

Kisha Bi Zuhura akampigia mama simu. Alisema Maalim alimwita Maryamu akamwuliza kama kweli amtaka yule mkaidi, naye, aliyekuwa amesikia yote nyuma ya pazia la dirisha, akajibu, "Baba, kila mume ana ila zake, na mke huzijua keshaolewa. Huyu zake amezitaja mwenyewe mlangoni, kabla ya nikaha. Mwengine kama huyo nitampata wapi?"

Tumeoana, alhamdulillahi. Lakini nimeapa, na Maryamu ni shahidi wangu: nikijaliwa mtoto wa kiume akafika umri wa kuposa, wazee nitawakodia gari, na yeye nitamfungia chumbani mpaka warudi.