Picha Iliyogandia Kwenye "Usije"

Mume wa shangazi yangu ni fundi wa pasi na feni, na mtaa mzima unamwita Bisibisi. Mbishi huyo, acha kabisa! Ukimwambia kitu kimekufa anakutazama kana kwamba umemtukana.

Shangazi hasikii tangu utotoni, na dada yake vilevile. Huongea kwa mikono, na kwa kuwa dada anaishi mbali, huongea kwa video. Siku moja dada alisema ameshafunga begi, anataka kuja kukaa nasi. Shangazi akaanza kumjibu, "Usije kwa basi, tutakuja kukuchukua." Mikono ilipofika kwenye "usije," picha ikaganda, simu ikakatika. Basi dada akanuna. Shangazi akamwandikia ujumbe kumweleza, wapi! Jibu likaja kwamba ameona kwa macho yake, asipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaacha kupokea simu.

Shangazi akawa anashona huku analia. Nilimhurumia mno. Nyumbani kwetu, wapangaji, Bisibisi na mpira wake, mimi na tamthilia zangu, wote tulinyonya intaneti moja, na kiboksi cha waifai tulichopewa na kampuni hakikujua nani ana shida zaidi.

Bisibisi akaburuta kompyuta kuukuu kutoka uvunguni, akapuliza vumbi mpaka tukapiga chafya. Akaichomekea kadi ya pili ya mtandao, yenye tundu la waya mwingine, akaiwekea programu huria, zile ambazo yeyote huzichukua bure na kuzichokonoa apendavyo. Intaneti ingeingia kwa waya mmoja na kutokea kwa mwingine, na kompyuta ingekaa katikati kama bawabu, iamue nani apite kwanza. Kiboksi kingebaki kurusha waifai tu.

Mara ya kwanza alichanganya waya wa kuingia na wa kutoka, nyumba nzima ikakosa intaneti. Nikamtania kwamba pasi zimemkumbuka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alipozibadilisha nyaya, ikakubali. Akaiamuru kompyuta ipitishe simu ya shangazi mbele ya wote. Mimi akaniweka mkiani, na mpira wake akauweka nyuma yangu. Nilimpenda sana siku hiyo, mbishi yule.

Shangazi akamwandikia dada yake ujumbe wa mwisho, akaomba amruhusu kumalizia sentensi moja tu. Alipopiga, dada akapokea.

Sebuleni tulijibana nyuma ya shangazi. Tamthilia yangu ilikuwa imekwama kwenye simu yangu, nikaiacha ikwame. Shangazi akainua mikono, akaanza palepale penye "usije." Mikono ikaendelea: kwa basi, tutakuja kukuchukua.

Dada hakutikisika. Alitulia hivyo kwa muda, mpaka Bisibisi akainama kushika waya, akidhani picha imeganda tena. Kisha tukamwona anafuta macho.

Mikono yake ikasema, "Begi langu sijalifungua tangu siku ile."