Mguu wa Klachi

Hapa mtaani kwetu, Nkuhungu yote inalijua gari la Sila, na Nkuhungu yote imeshalitolea ushauri. Ukipita kwake utaliona uani, fupi kwenda juu na refu kwenda mbele, halina paa, halina milango, injini iko wazi na magurudumu yametokeza nje ya bodi. Watoto wanaliita Panzi. Uso wake ni wa Peugeot ya zamani aliyoikata kwa gesi, fremu ni ya Land Rover, injini ni ya Hilux. Sila ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na Panzi ndicho kitu pekee alichowahi kutengeneza bila mteja kusimama pembeni akimharakisha.

Mimi ni jirani yake, Masudi, dereva mstaafu. Nimewaendesha wakubwa wa serikali mpaka mgongo ukagoma, kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa wa kitaalamu, si kama wa yule muuza mkaa aliyetaka lipakwe rangi nyekundu. Nilimwambia Sila aachane nalo. Gari lisilo na milango ni mkokoteni wenye kelele.

Lilikwama siku aliyokuwa anachomelea pedeli ya klachi. Cheche iliingia kwenye kandambili, ikatua kati ya vidole vya mguu wa kushoto. Sila ana kisukari, na mguu wake ulikuwa umeshakufa ganzi. Aliendelea na kazi, akaimaliza pedeli, akaigonga kwa nyundo kuona kama imeshika. Harufu aliisikia mkewe, Loisi, aliyekuwa anachambua mlenda pale karibu. Kidonda kikapanda, kikazidi kupanda, mpaka hospitali wakaukata mguu juu ya goti.

Mjomba wake alikuja kutoka Kibakwe kuuchukua. Ukoo wao haukutaka sehemu ya mtu wao itupwe. Ukafungwa kwenye kitenge, ukasafirishwa hadi kule milimani, ukazikwa pembeni ya babu yao, kwenye kaburi fupi kama la mtoto mchanga. Mjomba aliporudi kumjulia hali mgonjwa alisema, kwa nia njema kabisa, "Usiwe na wasiwasi, mpwa wangu. Wazee wameupokea. Umetangulia tu, unakungoja." Nilikuwepo. Nilitamani kumziba mdomo.

Maana tangu siku hiyo Sila hakupata raha. Mguu ulirudi. Ulipokuwepo haukusikia moto. Ulipozikwa ndipo ukaanza kusikia kila kitu. Ulisikia baridi ya Kibakwe wakati sisi huku tunapepewa na vumbi la moto. Ulisikia udongo. Tukiwa tunakunywa chai alikunja uso ghafla na kusema, "Kuna mzizi unanigusa kisigino," na Loisi akainuka na birika lake, akaingia ndani. Daktari alisema ni mishipa, jambo la kawaida kwa waliokatwa. Mishipa gani inayojua habari za mizizi, sikumuuliza.

Mahali pamoja tu palimpa nafuu, napo ni kwenye Panzi. Alijikokota kwa magongo, akaingia kwenye kiti cha dereva, akakaa. Mara mojamoja aliwasha injini isije ikafa, kisha akaizima. Sisi tulidhani anausikitikia mradi wake. Loisi yeye hakulisogelea gari hilo kabisa. Alisema limeanza kumla mumewe kuanzia chini na bado halijashiba. Hata kuku wake akitaga humo, mayai aliyaacha yaoze.

Binti yao Aneth, anayesoma chuo, ndiye aliyelipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaojitengenezea magari. Sila akaandika chini yake: "Mradi umekwama. Naomba maoni nimalizieje." Loo, maoni hayakukosekana! Tairi za nyuma ziwe pana zaidi, breki ziongezwe nguvu, bomba la moshi lipite pembeni. Mmoja wa Mwanza akauliza kilichokwamisha ni nini hasa. Sila akajibu, "Kipuri kimoja." Nilipoisoma nikamtazama usoni. Hakuwa anacheka.

Mwingine wa kundi lile, Ludovick, mtumishi wa wizara, alikuja mwenyewe. "Shikamooni, wazee wangu," akasema, kisha akalala chini ya gari na suruali yake ya ofisini, jambo lililonifanya nimpende papo hapo. Alitoka na vumbi usoni.

"Mzee Sila, welding yako ni safi sana. Chassis iko straight. Breki nitakusaidia." Halafu akayaona magongo, akaiona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini. Akashusha sauti. "Ila hii manual, mzee wangu, ndiyo basi tena. Ninayo gearbox ya oto nyumbani. Tunang'oa hii pamoja na pedeli ya klachi, unabaki na breki na mafuta tu. Jumamosi nakuja na fundi, jioni unaendesha."

Ulikuwa ushauri mzuri kuliko yote, hata mimi mbishi nilikubali. Sila akaitikia kwa kichwa. Ludovick akaaga, akaenda zake.

Ijumaa alasiri nilipita kumsalimia. Nikamkuta ndani ya Panzi, shati limelowa jasho.

"Masudi," akasema, "wakiing'oa, huu nitauweka wapi?"

"Upi?"

Akaonyesha kwa kidevu kule chini, kwenye pedeli ya kushoto. Hapakuwa na kitu, ni chuma na vumbi.

"Nikikaa hapa unaikuta klachi," akasema. "Ukiikuta unatulia. Unatoka kule kaburini, unakuja kufanya kazi yake. Kesho pedeli ikiondoka, huku hautakuwa na cha kukanyaga. Utarudi Kibakwe moja kwa moja, na mimi utanivuta. Naogopa, Masudi. Sikufichi, naogopa sana."

"Si uvae ule wa bandia uliopewa hospitali, tuone?"

"Ule hausikii. Nimechoka na miguu isiyosikia."

Niligeuka kutafuta kigoda nikae.

Loisi alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliutumbukiza mwiko kwenye ndoo, akajifunga khanga vizuri, akavuka ua na kupanda upande wa kushoto wa lile gari asilowahi hata kuligusa. Kiti cha Panzi ni benchi moja, na kule chini hakuna kinachomtenga abiria na pedeli. Akanyoosha mguu wake wa kulia.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo, mama Aneth, lakini..."

"Naikanyaga wakati gani?"

Sila akamwambia asubiri neno lake, kisha akaniomba nisukume geti. Injini iliwaka kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Mimi nilidandia nyuma, juu ya fremu, nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili. Mara ya kwanza Loisi aliiachia klachi ghafla, Panzi akaruka na kuzima, meno yangu nusura yabaki uani. Mara ya pili Sila akamwambia, "Taratibu, kama unamlaza mtoto." Tukatoka.

Tulishika njia ya vumbi nyuma ya nyumba. "Kanyaga," akasema Sila, akaingiza gia ya pili. "Kanyaga," akaingiza ya tatu. Tulipokaribia kona alitaka kurudisha gia. Mkono wake ulikuwa ndiyo kwanza unausogelea mti wa gia, na pedeli ikashuka. Hakuwa amesema kitu. Ilishuka kwa wakati wake hasa, ikapanda kwa wakati wake, na gia ikaingia kimya kabisa. Mimi ni dereva, masikio yangu yanajua gari linaloendeshwa na watu wawili na linaloendeshwa na mmoja. Kuanzia kona ile aliyekuwa anaendesha ni mmoja.

Tulisimama kwenye uwanja wa wazi, Sila akazima injini. Upepo ukavuma, vumbi likatupita. Loisi alikuwa bado amekanyaga, anatazama chini.

"Achia sasa, mama Aneth. Tumefika."

"Siwezi."

"Umenasa?"

"Sijanasa." Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Kuna mguu juu ya mguu wangu. Una joto."

Sila alikuwa analia waziwazi, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, mama Aneth. Usiutoe kwanza."

Hakuutoa.