Kichina cha Amu

Ghala lilinuka tumbaku miaka mingi baada ya gunia la mwisho kutolewa. Harufu ilikuwa imezama ukutani na kwenye sakafu, hivi kwamba ukiangushwa chali wakati wa mazoezi uliondoka na tumbaku mgongoni, na mama zetu walitufokea jioni wakidhani tumekaa na wavuta sigara. Juu yake ilikaa harufu nyingine, ya dawa ya kuchua, ile ya kikopo kidogo inayochoma macho, ambayo Amu alitupaka kwenye vifundo vya miguu bila hata kuuliza kama panauma. Hapo Awindiri, mtaani kwetu mjini Arua, ndipo ilipokuwa shule ya kung fu ya Amu Juma, mdogo wake baba. Na hapo ndipo nilipomaliza likizo nzima, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikitafuna swali moja tu: je, Amu anajua Kichina?

Shule yenyewe haikuwa na vitu vingi. Kulikuwa na magunia mawili yaliyojazwa magunzi ya mahindi, yakining'inia kwenye boriti, ambayo tuliyapiga ngumi mpaka yakatoa vumbi. Kulikuwa na fimbo, na vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo wa baiskeli, ambavyo Amu alivitengeneza kwa kukata mpini wa jembe la Habuba, nyanya yangu, na akagombezwa mbele yetu sote. Sanaa aliipata Vurra, mpakani, alipokuwa mpakiaji wa malori. Mkongomani mmoja kutoka Aru alimfundisha pembeni mwa yadi, wakisubiri karatasi za forodha zigongwe muhuri. Mengine aliyachota kwenye vibanda vya video. Mwili wake ulikuwa mfupi, tumbo limeanza kumtoka, lakini akiruka ulisahau tumbo. Nilimpenda kupita kiasi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanielewa vibaya huko mbele.

Kilichotutofautisha na watoto wengine wa mji ni amri. Amu alisimama mbele, akavuta pumzi, akapiga kelele, "Hazuro!" nasi tukakauka, visigino pamoja, macho mbele. "Saadoni!" tukageuka kulia. "Soladoni!" kushoto. "Rahaduri!" tukapanua miguu na kupumzika. Alituambia ni Kichina, na wazazi pia aliwaambia hivyo siku ya kuandikisha. Mimi nilikuwa mtoto wa kuandika andika. Nilikuwa na daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na kila neno la Amu nililiingiza humo pamoja na maana yake. Neno lililonisumbua ni rahaduri. Mbona Wachina nao, wakitaka kupumzika, wanasema raha? Nililizungusha kichwani nikila, nikifua, nikiwa msalani. Rafiki zangu walinishauri niache, kwani kung fu inapigwa kwa miguu wala si kwa kamusi.

Likizo hiyo ilikuja na barua. Halmashauri ya mji, yenye ghala, ilimwandikia Amu kwamba hakuna tena kutumia jengo bila cheti cha chama cha mchezo huo kutoka Kampala. Asipokileta kabla shule hazijafunguliwa, ghala linapewa mfanyabiashara wa saruji. Amu aliandika, akapiga simu, mpaka chama kikakubali kumtuma mkaguzi. Mkaguzi angekuja Koboko, kwenye semina yetu ya likizo, ile ya siku tatu ambayo watoto wa Arua, Omugo na Vurra walilala pamoja darasani na kufanya mazoezi kutwa. Akiridhika, tunabaki. Asiporidhika, kwaheri ghala. Siku hiyo hiyo Amu akanichagua mimi niwe mtoa amri mbele ya mkaguzi, kwa sababu nilikuwa na koo kubwa kuliko wavulana wote.

Wakati huo barabara ya Koboko ilikuwa ikitiwa lami, na wasimamizi wengi walikuwa Wachina. Mama aliwapikia vibarua, nami nilipeleka sahani. Mchana mmoja nilimkuta msimamizi wao amekaa juu ya kalvati, bomba la saruji la kupitishia maji, kofia ya majani kichwani, akila mihogo ya kukaanga kwa vidole kama sisi. Nilifungua daftari, nikamsomea maneno yangu yote, polepole, kisha kwa sauti ya Amu, nikidhani labda matamshi ndiyo yanayompotosha. Alinisikiliza kwa heshima kabisa. Akaniomba nirudie. Akatazama juu, akatafuta, akakosa.

"Kichina hapana," akasema mwisho kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Hii mimi sijui. Nani mwalimu?"

Sikumtaja Amu. Nilikunja daftari, nikaondoka na sahani zangu.

Jioni nilimkuta Habuba ameketi mkekani, anasuka kawa la kufunikia chakula, nyuzi nyekundu na za kijani zimetapakaa miguuni pake. Habuba ndiye aliyewazaa baba na Amu, na baba yake mwenyewe alikuwa askari, mtoto wa askari aliyeletwa kutoka Sudani. Sikumwuliza chochote. Nilijiimbia tu amri zangu nikimsaidia kupanga nyuzi, na nilipofika kwenye rahaduri akaacha kusuka.

"Nani alikufundisha hii?"

"Amu. Ni Kichina."

Habuba alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya gumasi yake, shuka aliyojifunga. "Kichina gani? Hii maneno iko ya jeshi. Jeshi ya zamani kule Sudani, ya babu yangu. Baba alikuwa naita sisi hivyo kama maji ya kuoga iko tayari. Hazuro! Sisi wote nasimama laini moja, na sabuni. Juma pia mimi naogesha yeye hivyo hivyo." Akashika tena kazi yake. "Kule Koboko wazee nazijua hii. Wachache, lakini iko."

Kwa hiyo Amu hakukosea. Alijua tangu akiwa mtoto wa kuogeshwa. Hilo halikunikasirisha hata kidogo, lilizidi kunichokonoa. Mtu anayekosea namwelewa, lakini mtu anayechukua maneno ya bafu la mama yake na kuyaita Kichina, anataka nini? Siku moja kabla ya safari nilimfuata alipokuwa akishona zipu ya begi, nikamwuliza wazi kama ni Kichina kweli. Hakuinua macho.

"Zamzam, wewe ita tu. Kwa nguvu."

Tulikwenda Koboko watoto thelathini na wawili kwa jumla, tumepakiwa kwenye lori la mchanga, tukiimba mpaka tukakaukiwa. Wazazi kadhaa walikuja siku ya tatu, ya maonyesho. Mmoja wao alikuwa mama wa kutoka Omugo aliyewaleta watoto wake wawili, mapacha, na ambaye siku ya kuwaandikisha nilimsikia akimwambia Amu kwamba jeshi limeshawala kaka zake wawili, basi hawa afadhali wajifunze mambo ya Wachina. Mkaguzi aliketi kwenye kiti cha plastiki, kalamu mkononi, mtu mkimya mwenye viatu vilivyong'aa. Na upande wa pili wa uwanja, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa shule tuliyolala, walikaa wazee wanne wakicheza karata, kofia zimewakaa vizuri, hawatutazami.

Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu, maana sijawahi kukiandika popote. Ningeweza kutoa amri nikiwa nimemgeukia mkaguzi, kwa sauti ya kutosha watoto tu. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba kule Koboko wazee wanajua, na wazee walikuwa pale pale, na udadisi wangu haukuwa na breki. Nilitaka kuona. Niligeuka kidogo, nikaelekeza kinywa upande wa benchi, nikavuta pumzi.

"Hazuro!"

Watoto thelathini na mmoja walikauka. Na kule ukutani karata zilimwagika. Wazee wanne walikuwa wima, mikono imebana mapajani, videvu juu, mmoja kati yao kiatu kimoja kimebaki chini ya benchi. Nadhani miili yao ilitangulia, wao wakafuata. Kisha wakatazamana, wakaanza kucheka na kupigana mabegani, na yule asiye na kiatu akavuka uwanja akichechemea, machozi yanamtoka, akaja kunishika kichwa.

"Hii iko ya jeshi! Ya mababu! Mtoto, nani alikupa?"

Uwanja mzima ulisikia neno jeshi. Mama wa Omugo aliinuka. Mkaguzi aliacha kuandika na kumwuliza Amu, mbele ya wote, hii ni lugha gani. Nilimwangalia Amu. Angeweza kusema wazee wamechanganyikiwa, na naamini wengi wangemkubalia. Alinitazama mimi kwanza, akatambua kwamba nilijua. Kisha akavua mkanda wake mweusi, akaukunja, akaushika mkononi.

"Si Kichina," akasema. "Mimi sijui Kichina hata moja. Maneno iko ya babu zangu, ya jeshi. Mama alilea mimi na hii maneno, na mimi napenda namna watoto nasimama wakisikia. Lakini nani atapa mimi mtoto yake kama mimi nasema jeshi? Hapa kwetu? Ndiyo sababu nilisema Kichina."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa Omugo aliwashika mapacha wake, mmoja mkono huu mmoja ule, akaondoka nao wakiwa bado na suruali zetu nyeusi. Alipompita Amu alimwambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Mwalimu, ulidanganya mimi." Wengine walimfuata, wakichukua watoto wao na wa majirani. Habari ikafika Arua kabla ya lori letu. Tulirudi kumi na mmoja, na kwenye lori la watu wachache upepo unapiga zaidi. Hatukuimba. Cheti tulikipata, kwa kweli, kwa sababu mkaguzi alisema mateke yetu ni safi, ila kwa sharti kwamba amri zibadilishwe. Akamwachia Amu karatasi yenye maneno ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi zetu. Amu alijifunza karatasi hiyo kwa miezi, akikosea, akirudia, akitusimamisha kwa maneno ambayo yeye mwenyewe yalimtekenya ulimi. Ghala lilibaki letu, nusu tupu. Sikumwomba msamaha. Nilitaka, lakini kila nilipofungua mdomo alinipa kazi ya kufagia.

Miaka imepita, na sasa shule naiongoza mimi. Amu anaishi Koboko na miguu yake inayovimba. Siku hizi mambo ni mepesi. Kichina chetu nakihakiki kwenye simu, mtoto akiuliza neno anasikia Mchina mwenyewe akilitamka, na lami imefanya safari ya Koboko kuwa ya asubuhi kwenda na mchana kurudi. Wazazi wanaoleta watoto ni vijana kuliko wale wa zamani, na mara nyingi wanachouliza ni kama tuna sare. Lakini nimejiuliza mara nyingi kama kilichobadilika ni woga wenyewe au ni namna tu ya kuuficha. Sikuwa na njia ya kujua ila moja, nayo iliniogopesha mimi zaidi ya mtu yeyote.

Likizo iliyopita, katika semina, ambayo siku hizi tunaifanyia Arua, niliwakusanya watoto arobaini ghalani pamoja na wazazi waliokuwepo, nikawaambia kisa chote: maji ya kuoga, Mchina wa kalvati, wazee wa karata, uongo wa Amu, na kinywa changu nilichokigeuza makusudi. Nikasema tangu kesho asubuhi tutafanya mazoezi kwa maneno ya Kichina na kwa yale ya zamani, na kwamba ya zamani ni ya askari. Anayetaka kumwondoa mtoto wake amwondoe, sitamlaumu. Baba mmoja alikunja uso. Mama mmoja aliuliza bei ya sare. Usiku sikulala vizuri.

Asubuhi nilisimama mlangoni nikawahesabu walipokuwa wakiingia, kisha nikampigia Amu simu.

"Wamekuja wote," nilimwambia. "Arobaini."

Nilimsikia akizima redio.

"Zamzam," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Hesabu tena."