Sahla Alipowapa Maadui Sauti Yetu

Watu wa Muyeye, mtaa wetu hapa Malindi, husema kwamba mwanangu Sahla anauza sauti. Wengine husema kwa kebehi, maana ni mwanamke na kazi yenyewe iko ndani ya ukumbi wa video uliojaa wanaume. Kila alasiri, baada ya sala, huketi kando ya televisheni kubwa ya Kaingu, mwenye ukumbi, akiwa na kipaza sauti mkononi. Katuni ya Kijapani inapopita, yeye huwasemea wote kwa Kiswahili: wakubwa, watoto, hata farasi. Kile Kiingereza kinachoandikwa chini anakisoma upesi kuliko ninavyosoma mimi jina langu.

Kazi hii hakufundishwa na mtu. Marehemu mama yangu alipofunikwa macho na mtoto wa jicho, hakukubali kuachana na televisheni. Aliketi mbele yake kama zamani, akamwuliza Sahla, "Nani huyo anayelia? Amefanywa nini?" Sahla alikuwa mdogo, akamweleza yote. Akidanganya, bibi alijua. "Sauti hiyo si ya mwizi. Hebu tazama tena."

Mimi nilitaka asomee ushonaji. Alipokataa, nilianza kumfuata ukumbini na kofia yangu ya kudarizi. Naketi karibu na mlango, natia sindano, naangalia nani anamwangalia.

Ukumbi ule una desturi yake. Picha ikianza tu, watu huuliza staringi ni nani. Staringi ni wa kwetu, hafi wala hakosei. Wengine ni maadui, na dijei, yaani msemaji kama Sahla, huwapa sauti ya kuchekesha ili watu wajue wa kumzomea. Katika katuni hii ya vita, Sahla aliwapa maadui, yaani watu wa Mlimani, lafudhi ya bara. Watu walicheka hadi wakapiga mabenchi.

Staringi alikuwa kijana wa upande wa pili, Bondeni, watu wakamwita Kipanga. Askari wa Mlimani walimchomea mama yake ndani ya nyumba akiona kwa macho yake. Akakua, akapewa dude la chuma la kuendesha akiwa ndani, refu kama mnara wa msikiti, akaenda vitani. Muyeye nzima ilimpenda. Kisha siku moja akapanda juu, akavunja ukuta wa ziwa lililokuwa juu ya mji wa Mlimani. Haukuwa kambi. Ulikuwa mji, nguo zimeanikwa, watoto wanatoka chuoni. Maji yakateremka, nao wakapiga mayowe kwa ile ile lafudhi ya bara, na ukumbi ukasimama, "Wazame! Wazame!"

Nilimwona Njenga, fundi viatu, akitoka kabla haijaisha.

Asubuhi yake nikampelekea ndara iliyokatika.

"Mama Sahla," akaniambia akivuta uzi, "mwambie binti yako jana nimezama."

"Umezama wapi, Baba Thuku?"

"Kwa Kaingu. Mimi na mji mzima. Na majirani zangu wakanipigia makofi."

"Si katuni tu ile?"

"Ni katuni. Tena mimi niko na Kipanga tangu mwanzo. Walimchomea mama, angefanya nini? Lakini nikisikia wanaokufa wote wanasema kama mimi, sijui niketi benchi gani."

Niliondoka na ndara mkononi, nikasahau kuivaa. Njenga alikuja Malindi kutoka bara akiwa kijana, na wajukuu wake wanazaliwa hapa. Nami nimeuona mwaka ambao lafudhi ya mtu ilitosha kumfanya afunge kibanda chake mchana kweupe.

Nilimweleza Sahla tukila muhogo. Akaacha kula.

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Kisha akasema, "Leo hawatanipenda."

"Basi usiende. Nitamwambia Kaingu una homa."

"Sina homa, mama."

Alasiri ile ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi chini. Sehemu iliyofuata ilianza na mwanamke wa Mlimani aliyepona. Alikuwa akitembea kwenye matope, akifunua mapaa ya nyumba zilizoanguka. Sahla akafungua mdomo, na yule mwanamke akasema Kiswahili cha Mambrui, kwetu kwa asili: "Ewe mwanangu, u wapi? Itika basi, mamako nimechoka."

Sindano ikanichoma. Hayo yalikuwa maneno yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita yeye magharibi, alipokuwa mdogo na amejificha hataki kuoga.

Wakaja askari wa Mlimani, nao wakasema vile vile. Akaja Kipanga, naye vile vile. Ukimsikiliza mtu hukujua ni wa upande gani.

"Weh, dijei!" akaita Abdulkadir, kijana wa bodaboda anayeketi mbele siku zote. "Hawa ni kina nani?"

"Watu wa Mlimani."

"Mbona wanasema kama sisi?"

"Kwani wewe ukizama unasema kama nani?"

Watu wakacheka, lakini si wote.

"Sahla, umehamia kwa maadui! Kipanga ni wetu!"

"Sijasema si wenu," akajibu kwenye kipaza sauti. "Ni wenu. Na alichokifanya ni chenu."

Hapo ukumbi ukavurugika. "Walianza wao!" akapaza mmoja. "Watoto walianza nini?" akamjibu Umair, jirani yetu, na walikuwa wamekuja pamoja kwa pikipiki moja. Kaingu akaja mbio kutoka nje.

"Sahla, mwanangu, sema tu ilikuwa kambi ya jeshi. Neno moja, watu watulie."

"Mzee Kaingu, nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa pale. Watu wana macho."

Kaingu akachomoa waya wa kipaza sauti.

Sahla akapanda juu ya benchi, akaendelea kwa koo lake. Wapo waliotoka wakigonga mlango. Wapo waliovuta mabenchi mbele wasikie. Abdulkadir hakutoka wala hakuketi. Akanigeukia mimi.

"Shikamoo, Mama Sahla. Mchukue mwanao, anatuharibia."

Na kwa kweli nilikuwa nimekuja kwa hilo. Ule uongo wa homa nilikuwa nao tayari ulimini. Nikasimama.

"Marahaba," nikamwambia. "Wako ukimzaa utamchukua. Wangu yuko kazini."

Pale mbele Kipanga alikuwa peke yake ndani ya lile dude lake, analia, na hakuna mwenzake aliyejua. Njenga, kumbe naye alikuwa amerudi, akapaza sauti kutoka nyuma, "Pole, kijana!" Mwingine akamjibu, "Pole ya nini? Muuaji huyo!" Sahla akawasemea wote, sauti inakatika, mpaka picha ikaisha. Mimi mwenyewe sikujua nimhurumie nani, na sikutaka mtu anichagulie.

Kaingu alimwambia asirudi kesho. Kesho akarudi. Nami nilitangulia, nikaketi kizingitini na kofia yangu, anayetaka kumtoa anipite mimi kwanza. Watu walikuja wachache kuliko jana. Abdulkadir alikuja, akasimama nje dirishani, eti anapitisha muda. Sahla akawaamkia watu, akaketi mahali pake, akashika kipaza sauti kisicho na waya.

Kaingu alitutazama sisi wawili, kisha akauchomeka waya, akinung'unika kwa Kigiriama maneno ambayo sikuyaelewa yote, na niliyoyaelewa sitayaandika.