Bakuli Lililorudi Limejaa

Soren alipotimiza wiki tano, majirani walikuwa wameshamletea mama yake mabakuli kumi na tisa ya viazi na nyama ya kusaga. Ndivyo walivyo watu wa mji ule wa kaskazini mwa Minnesota: ukijifungua, wanagawana zamu za kupika, kisha chakula wanakiacha barazani, ndani ya sanduku la barafu, wasije wakakusumbua. Wema wa namna hiyo unanitia hasira. Unamshibisha mzazi bila kumtazama usoni.

Mama huyo, Janelle Halvorsen, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa majibu. Sasa hakuwa na jibu hata moja. Mtoto mzima, mume mwema. Mbona alilia akikunja nepi? Alimpenda Soren, au alimwogopa? Kliniki walimpa karatasi ya maswali: unajilaumu bila sababu? Unaogopa bila sababu? Akajibu hapana kote, maana akisema ndiyo, si watamnyang'anya mtoto? Akarudi nyumbani kuandika kadi za shukrani, kama ada inavyotaka: Sote hatujambo.

Alhamisi mchana akalirudisha sandukuni, mwenyewe aje alichukue, bakuli la Bi Marlys, jirani yake wa mkono wa kushoto. Haikupita nusu saa, mlango ukagongwa.

"We Janelle! Bakuli limerudi limejaa. Mapishi yangu mabaya kiasi hicho?"

"Hapana, Bi Marlys! Tulikula chote, kitamu kweli."

Bi Marlys akafunua. Viazi vilikuwa vimejipanga vilevile, havijaguswa. Janelle akavikodolea macho. Alikumbuka hata harufu ya sabuni.

"Nililiosha," akasema. "Au sikuliosha? Sijui. Sijui tena ninachofanya. Utawaambia waje wamchukue?"

"Wamchukue nani? Mwanangu, mimi nilipomzaa Roger niliogopa visu vya jikoni miezi minne, na kadi zangu zilikuwa nzuri kuliko zako." Akavua viatu vyake vya theluji mlangoni, akaingia bila kukaribishwa. "Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, unaficha nini? Nipe mtoto, upige simu kliniki."

Janelle akampa. Namba akaikosea mara mbili. Hakujua aanzie wapi, wala kama atamaliza akiwa bado na mtoto.

"Ile karatasi ya maswali," akasema simu ilipopokelewa. "Nilidanganya kote."

Nyuma yake Bi Marlys alikuwa akimbembeleza Soren, huku mkono mmoja ukiwasha jiko kupasha vile viazi.