Kijiti Chenye Kitambaa Chekundu

Mwaka jana, mahindi yaliporuhusiwa kununuliwa na yeyote, mfanyabiashara mmoja wa Makambako alianza kufundisha vijana kuyanunua yangali mabichi. Unamwachia mkulima arubuni, yaani pesa ya kutanguliza. Bei ikipanda, unamalizia na kuchukua mahindi. Ikishuka, unaisamehe arubuni na kwenda zako.

Mfukoni nilikuwa na ada ya shule, iliyotokana na kuuzwa kwa nguruwe wa mama, na mafunzo yalitaka karibu yote. Nilitembea nimeishikilia kama mtu anayeumwa nyonga.

Kabla ya kulipa niliomba kwanza nione shamba. Akanipeleka kijijini Kitandililo.

"Shamba likishanunuliwa, mnunuzi anachomeka kijiti chenye kitambaa chake," alisema. "Changu chekundu."

Chekundu kilikuwepo kweli. Pembeni yake, kwenye shamba hilohilo, kilisimama cha bluu, na kingine cha kipande cha kanga.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, ingawa tulishasalimiana asubuhi. "Hawa wenzako ni akina nani?"

Alivihesabu vile vijiti kwa kidole. Jasho lilimtoka, na Kitandililo siku hiyo kulikuwa na baridi.

"Hilo ni somo la pili," akasema. "Lina ada yake."

Ningecheka, lakini nilikumbuka ada iliyokuwa mfukoni. Akilini nilimwona mama akiniuliza nguruwe wake amekwenda wapi. Nikaaga kwamba naingia kwenye mahindi kujisaidia, nikatokea upande wa pili, nikakimbia. Mhasibu wa shule alizipokea noti zikiwa zimelowa jasho, nami bado nikitazama mlangoni kama mwalimu ananifuata.